Askari wa Ini la Nthiga

Probox ya abiria ilipotoka Karurumo, Mukami alikuwa amekumbatia kibuyu cha uji wa mawele uliochachuka siku tatu. Mumewe Nthiga, kama alivyowaeleza abiria wenzake, alikuwa amekatwa zaidi ya nusu ya ini katika hospitali ya Embu, na kwao mgonjwa haendewi na mikono mitupu.

"Mama, hiyo uji usimpee," akasema jamaa wa koti jeupe kando yake, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Wewe ni daktari?"

"Wa ng'ombe. Lakini ini ni ini. Yake ilikuwa na askari mia wa kushika bakteria zikitoka kwa matumbo. Sasa wamebaki thelathini, na wamechoka. Sumu ya bakteria ikiwafikia wanalewa, wanaacha kila mtu apite. Na hicho kibuyu kimejaa bakteria."

"Mamangu alilea watoto kumi na huu uji!"

"Wote na ini nzima, mama."

"Nthiga mwenyewe ameniomba," Mukami akasema polepole. "Chakula ingine yote amekataa."

Hiyo, daktari wa ng'ombe hakufunzwa chuoni.

Gari ikasimama. Kwa geti ya hospitali, askari alikuwa amelala fofofo, kofia usoni. Mukami akasimama mbele yake na kibuyu, akingoja aamke amzuie.