Viti vya Kumzika Mwalimu Kanyiva

Askofu, mheshimiwa mwakilishi wadi, walimu, majirani, na nyinyi jamaa mliotoka Kibwezi na Emali alfajiri, hamjambo. Mimi ni Mutanu, mtoto wa pili wa marehemu, wengi mnanijua kwa lile duka la vifaa vya ujenzi pale Emali na mnajua sina mazoea ya kupunguza bei, basi na leo msitarajie nipunguze neno. Najua mmesimama tangu saa tatu na miguu inawauma, najua mnaulizana viti viko wapi na mbona hata hema hakuna, na wengine mmeanza kunong'ona kwamba watoto wa Mwalimu wamekuwa wachoyo. Viti havikusahauliwa. Kanisa lilituletea lori zima la viti jana mchana, bure kabisa, nasi tukalirudisha lori na viti vyake, kwa sababu huyu aliyelala mbele yenu alituagiza hivyo, na sababu yake imo ndani ya historia hii, kwa hiyo vumilieni.

Ile historia iliyochapishwa kwenye programu mlizoshika, yenye picha kubwa ya Askofu na picha ndogo ya mama, iliandikwa na kamati ya kanisa, na mimi siisomi. Nasoma hii aliyonieleza mwenyewe mwezi wa Septemba akiwa na akili zake zote, na aliniambia nianze na jina ambalo si lake. Jina hilo ni Eunice Ndululu Nzioka. Kwa nini linatangulia, nitafika hapo.

Mwalimu Rael Kanyiva alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 katika kijiji kilicho nje kidogo ya Kibwezi, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Muindi na marehemu mkewe, wakulima waliotegemea mahindi na mbaazi mvua ikija, na mboga za kando ya mto isipokuja. Alisoma shule ya msingi huko huko Kibwezi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1976, akakaa nyumbani miaka miwili akiwalea wadogo zake, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1979 na kuhitimu mwaka 1980. Alianza kufundisha Januari 1981 katika shule moja karibu na Emali, akahamishiwa hapa Kitui mwaka 1986, akafundisha Kiswahili na elimu ya dini, akawa naibu wa mwalimu mkuu mwaka 2003, akastaafu Aprili 2018. Wengi mliosimama hapa aliwachapa, na hakuna hata mmoja aliyechapwa bure.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Nzioka Mutunga, fundi wa malori mwenyeji wa hapa aliyekutana naye Emali, katika kanisa hili hili lililotuletea viti jana, na wakabarikiwa watoto watatu, Mutunga aliyezaliwa mwaka 1985, mimi mwaka 1989, na Ndululu tarehe 3 Machi 1995. Baba alifariki tarehe 6 Juni 2004 akazikwa kwa heshima zote, kwaya zilikuwa tatu, mahubiri mawili, na viti vya kanisa vikatosha mpaka wapita njia wakakaa. Hilo lipo kwenye programu yenu na ni kweli.

Lisilo kweli ni ule mstari unaosema kwamba Ndululu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Dada yangu hakuugua. Mwaka 2012 alikuwa kidato cha tatu, anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana, na mwalimu wa kwaya hiyo, mwanamume mzima mwenye mke na watoto, akampa mimba. Jina la mtu huyo silisomi, mama alisema lisikaribie jina la mtoto wake. Ndululu hakumwambia mtu, likizo ya Agosti ikafika, akaenda kwa mwanamke fulani nyuma ya soko, akarudi nyumbani akitokwa na damu, na mama akampakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake akimshikilia asianguke, hadi kituo cha afya ambacho wakili ametukataza kukitaja, nami namtii kwa hilo peke yake. Muuguzi wa zamu alimtazama mara moja tu, akasema, "Bila karatasi ya polisi mimi simshiki, sitaki kufungwa." Mama akakimbia kituo cha polisi, akazungushwa, akarudi na hiyo karatasi, akamkuta Ndululu amekwisha kufa juu ya benchi la ukumbini. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 16 Agosti 2012, na alikuwa na miaka kumi na saba.

Kesho yake mama alikwenda kwa mchungaji kuomba ibada na viti. Mchungaji wa wakati huo ni Kisilu, ambaye sasa ni Askofu Kisilu, yule pale aliyevaa kanzu ya zambarau, na alimjibu mama hivi, "Mwalimu, hivyo viti ni vya kanisa, na kanisa haiwezi kuwa kwa hiyo matanga." Hatukupewa viti, wala sufuria, wala mtu wa kuomba, na wazee wakasema mtoto asilazwe kando ya baba yake kwa sababu kaburi la baba lilibarikiwa, basi tukamchimbia kule chini, karibu na ua wa minyaa. Tulimzika Jumatatu tarehe 20 Agosti, watu wachache, wote wamesimama. Mzee Ndolo, ndugu yake baba, alichimba kaburi, na alipomaliza akafuta mikono kwenye suruali, akasema Baba Yetu peke yake. Historia ya marehemu haikusomwa hata mstari mmoja. Jumapili iliyofuata mama aliitwa mbele ya ushirika, akavuliwa kitambaa cha umoja wa akina mama na kuwekwa nje ya meza ya Bwana, na kabla mwezi haujaisha yule mwalimu wa kwaya akahamishiwa kanisa lingine, akaagwa kwa nyimbo na keki yenye jina lake. Nilikuwepo, na hiyo keki niliiona.

Sasa niwaeleze kazi ambayo programu yenu inaiita "kujaliwa kusafiri ng'ambo mara kadhaa". Mwaka 2013 alikuja hapa wakili anayeitwa Waithera, kutoka shirika moja la haki la Nairobi, akimtafuta mama baada ya kusikia habari za Ndululu. Alimweleza kwamba kila baada ya miaka michache nchi yetu husimama Geneva, kwenye Umoja wa Mataifa, mbele ya nchi nyingine, na kuulizwa inavyowatendea watu wake, na kwamba serikali hupeleka ripoti yake na wananchi nao hupeleka yao. Mama alikuwa ametembea ofisi zote za Kitui bila kupata mtu wa kumsikiliza, akasema hata iwe mwezini atakwenda. Alipofika huko Januari 2015, akiwa amevaa sweta mbili na leso juu yake, kitu cha kwanza alichokiona ni viti, akaniambia aliporudi kwamba kila nchi ina kiti chake chenye jina, hata nchi ndogo kuliko Makueni.

Yeye hakuwa na ruhusa ya kusema siku hiyo, mwananchi hukaa nyuma na kusikiliza tu, akamsikia mkubwa mmoja wa serikali akieleza kwa Kiingereza kizuri kwamba huduma za dharura kwa wanawake zinapatikana kila pembe ya nchi, na mama akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili asije akainuka. Nchi moja iliuliza kuhusu wasichana wanaofukuzwa vituoni wakitokwa na damu, na serikali yetu ikajibu kwamba pendekezo hilo imelizingatia. Mama akafurahi, mwalimu wa Kiswahili akafurahi, mpaka Waithera akamwambia kule neno hilo ni namna ya adabu ya kukataa.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo alirudi, mara hii akapewa dakika mbili. Akaanza vizuri, akaeleza shule, akaeleza kituo cha afya, akaeleza ile karatasi ya polisi, akafika aliposema "mtoto wangu aliitwa", na dakika zikaisha, kipaza sauti kikazimwa. Hakuna aliyemwonea, ndivyo wanavyomfanyia kila mtu, lakini jina la dada yangu halikusikika katika ukumbi ule, na mama alilia njia nzima mpaka Nairobi. Tangu siku hiyo kila alipopewa nafasi alianza na jina, Eunice Ndululu Nzioka, ndipo aseme mengine. Ndiyo maana nami nimeanza nalo.

Hapa nyumbani, wakati huo wote, mlihubiriwa kwamba Mwalimu ameenda kuwauzia wazungu aibu yetu. Mlisikia na mkasema amina.

Mwaka 2016 mwanamke mmoja alipiga hodi kwetu, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema yeye ndiye muuguzi wa siku ile, anaitwa Mbula, ameacha kazi na hawezi kulala. Mimi nilitaka kumrushia chochote kilichokuwa karibu. Mama alimtazama sana, akamwandalia chai, akamngoja ainywe yote, kisha akamwambia machozi yake hayamfai kitu, anataka ayaseme hayo hayo kwa jina lake, mbele ya watu. Mbula akasema. Alisema Nairobi kwenye balozi, na mwisho wa mwaka 2019 akasema Geneva, ameketi kando ya mama, na Januari 2020 nchi mbili zikalibeba swali lile tena. Mwaka uliofuata kile kituo kikaandika ukutani, kwa rangi nyekundu, kwamba mgonjwa anayetokwa na damu atatibiwa kwanza na mengine baadaye. Maandishi yapo mpaka leo, nendeni mkayaone.

Na kila Agosti, miaka kumi na mitatu, mama alikwenda ofisi ya kanisa akaomba sentensi moja isemwe mbele ya ushirika, kwamba walikosea kumnyima Ndululu ibada. Hakuomba fidia, wala hakuomba kurudishiwa kitambaa. Kila Agosti alijibiwa kwamba jambo hilo linaombewa, na mwaka huu, akiwa amefika kwa fimbo, Askofu alimwambia, "Mwalimu, si tuache tu hiyo maneno, wewe ni mgonjwa."

Ugonjwa wa figo uligunduliwa Februari 2023, na tangu wakati huo alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki hapa Kitui. Mwezi wa Mei mwaka huu, nchi yetu iliposimama Geneva tena, aliifuata kwenye simu yangu akiwa ameunganishwa na mashine, na wagonjwa wa kando wakasema tuongeze sauti. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na moja asubuhi, mimi na Mutunga tukiwa naye.

Hajapoa, nyinyi mkafika. Mkaleta programu, mkaleta kwaya, mkaleta kile kitambaa mlichomvua, mmekipiga pasi, mnataka kikae juu ya jeneza, na Askofu akajiandikia mahubiri ya saa moja kwa sababu magazeti yameandika habari za Mwalimu na mheshimiwa anakuja. Ombi lenu tumelizingatia, kwa ile maana ya Geneva. Kitambaa rudini nacho. Mahubiri hayatakuwepo, na hakuna atakayepewa nafasi ya kusalimia watu, mheshimiwa utatusamehe. Mama anazikwa kama mtoto wake alivyozikwa, chini kule karibu na minyaa, mkiwa mmesimama, na Mzee Ndolo atasema Baba Yetu. Ikiwa mnaona aibu, hiyo ndiyo aliyoitaka, na mimi naiona usoni mwenu na nafurahi, siwafichi.

Wazee na wajawazito tumewatolea mabenchi ya jikoni. Vile viti vichache vya nyumbani mnavyoviona kando ya jeneza ni vya waliokuja kumzika Ndululu mwaka 2012, wakae leo, walisimama siku yao. Kimoja amekikalia Mbula, ambaye hakuwepo siku hiyo, na nimesikia watu wakiuliza huyo anakaaje mbele wakati Askofu amesimama juani. Anakaa kwa sababu alisema. Na kile cha mwisho, ambacho hakina mtu, mama aliagiza kiachwe wazi kwa yeyote aliyekuwa kwenye kamati ya kanisa mwaka ule, mradi aseme kwanza ile sentensi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomtunza bila kuchoka, majirani waliotuchotea maji na kupika tangu siku ya kwanza, walimu wenzake wa Kitui na wa Emali, Waithera na wenzake, na Mzee Ndolo, ambaye amechimba makaburi yote mawili kwa mikono yake. Mungu awalipe.

Nimemaliza kusoma. Hiki kipaza sauti nakiweka juu ya kile kiti, kimewashwa, na hapa hakuna wa kukizima. Tutangoja kidogo kabla ya kuteremka kaburini.

Eunice Ndululu, dada yangu, historia yako imesomwa. Mwalimu Rael Kanyiva, mama, pumzika kwa amani kando yake, umesimama vya kutosha.