Bi Shuka Anarudi Melini

Benchi la pale kwenye kona lilitoka mahakamani. Mahakama iliponunua viti vya plastiki, benchi la washtakiwa lilitupwa nje, na Spoki, fundi baiskeli, akalibeba kichwani mpaka mbele ya kibanda chake. Tangu siku hiyo kila anayelikalia hujikuta anajitetea. Jumapili hiyo, saa nne kasorobo asubuhi, zamu ilikuwa ya Bi Shuka. Alikaa katikati, begi la magurudumu limebanwa kati ya miguu yake, sweta mapajani japokuwa jua lilishaanza kuchoma. Jina la Bi Shuka alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikofua na kukunja shuka za wagonjwa kwa miaka thelathini na miwili. Alikuwa anasubiri taksi impeleke bandarini. Taksi ilikuwa bado nusu saa, na wanaume watatu wa benchi walikuwa na nusu saa hiyo hiyo ya kumzuia.

— Bi Mkubwa, tusizungukane, alianza Redio, kinyozi wa jirani, ambaye mdomo wake huenda hata mkasi ukisimama. — Mwanao alikuja jana kunyoa. Ametuomba tukusemeshe. Anasema yeye utamwona mtoto tu, lakini sisi utatuonea haya.

— Haya ya nini? Wewe Redio nepi zako za kwanza nilizifua mimi. Nisemesheni, nawasikiliza.

Mama Kahawa, binti mdogo mwenye mtoto mgongoni na birika mkononi, alicheka akageukia pembeni. Alipommiminia Bi Shuka kahawa alikipangusa kwanza kikombe ukingoni kwa kitambaa safi. Wanaume hakuwahi kuwapangusia. Bi Shuka aliliona hilo, akapokea kwa mikono miwili.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Binti wa pili wa Bi Shuka ni mpishi kwenye meli ya watalii. Mara moja kwa mwaka, chumba kikikosa mtu, mfanyakazi anaruhusiwa kumwalika mzazi wake kwa siku saba. Mwaka jana Bi Shuka alikwenda, na mtaa mzima ukamsindikiza kwa vigelegele. Mwaka huu aliposema anakwenda tena, vigelegele vilikatika. Mwanawe wa kwanza, anayekaa naye nyumba moja pamoja na mke na watoto watatu, alisema mama mtu mzima kwenda mara moja ni kutembea, lakini mara mbili ni kukimbia nyumba.

— Mimi nitasema kitaalamu, alisema Stempu. Huyu alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na ulimwengu wote anaujua kwa stempu. — Shemeji, nimeshika stempu za nchi zote. Za meli zimepita mkononi mwangu kwa maelfu. Unajua nimegundua nini? Meli zote zinaelekea kushoto.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo zinakwenda. Sijawahi kuona stempu ya meli inayorudi.

— Mimi nilirudi na nini sasa, shemeji? Nilipanda bahasha?

Spoki alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Lakini naye alikuwa ametumwa, kwa hiyo akajikaza, akalizungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa mbele yake, kisha akalikamata ghafla kwa kiganja.

— Umeona hii, Mama? Hii ni breki. Meli haina. Kitu kikubwa kama mtaa mzima, hakina breki! Mimi chombo kisicho na breki namnyang'anya mwenyewe, simwachii.

— Ni kweli haina, alikubali Bi Shuka, na Spoki akashtuka kukubaliwa. — Ndiyo maana siku ya kwanza, kabla hujaonja hata chai, kengele inalia, mnatolewa wote nje, mnavalishwa makoti ya kuelea. Kila mtu anaonyeshwa mlango wake na boti yake. Tajiri na mimi, foleni moja. Mzee mmoja alishindwa kufunga mkanda wa koti, mhudumu akapiga magoti akamfungia kama anamfunga mwanawe. Wewe Spoki, baiskeli zako hizi, ulishamvalisha nani koti?

— Mimi sijafikia huko.

— Basi usiiseme meli ya watu.

Redio alisogea mbele. Alikuwa na jambo lililomkaa rohoni tangu jana, na ungedhani nywele alizonyoa ndizo zilizomnong'oneza.

— Sasa sikilizeni, hili sikulitoa kichwani. Kuna mteja wangu ana shemeji yake aliyewahi kupaka rangi meli. Kwa nini wanaalika wazee? Kwa nini hawaaliki vijana? Uzito! Meli ikiwa tupu upande mmoja inalala. Wanahitaji vitu visivyotembeatembea. Mzee anakula, anakaa. Akikaa hapo, hapo. Wanawapanga kama mawe!

— Astaghafiru, alisema Stempu.

— Na chakula chao kina unga. Unaonja kidogo tu, unasahau nyumba yako iko wapi. Mwaka jana Bi Mkubwa aliporudi alipita huu mlango wangu bila salamu. Nililiandika moyoni.

— Sikukusalimia kwa sababu ulikuwa unasinzia na wembe kwenye shingo ya mtu. Niliogopa nikikushtua tutazika.

Mama Kahawa alicheka tena, safari hii bila kugeuka.

— Na kuhusu chakula, aliendelea Bi Shuka, — niwaambie aibu yangu. Pale wanapakua asubuhi, mchana, jioni, na katikati. Mimi nikajua kitakwisha. Siku ya kwanza nikafunga mikate minne kwenye karatasi, nikatia mkobani. Ya pili mitano. Siku ya tatu droo ya chumbani imejaa mikate migumu kama matofali. Kijana anayesafisha chumba aliiona. Sikuambiwa neno. Niliporudi nikakuta ameipanga kwenye sahani safi, ameifunika kwa kitambaa, kama mtu aliyekuta akiba ya mama yake.

Stempu alikuna kidevu, na aliposema tena sauti yake haikuwa ya stempu.

— Shemeji, ukiugua je? Marehemu mumeo alikuwa rafiki yangu. Siku akiniuliza mke wangu ulimwachaje aende, nitamwambia nini?

— Mwambie nilikwenda nikiwa najua. Mwaka jana dawa za presha niliziweka kwenye begi kubwa. Begi wanalichukua bandarini, linakufikia chumbani jioni. Nikashinda bila dawa, kichwa kinagonga. Mwaka huu ziko hapa. Alipiga kipochi kidogo kilichoning'inia shingoni. — Mkamwana wangu alizipanga mwenyewe, za asubuhi kando, za jioni kando. Na chumba nimeomba cha chini, katikati ya meli. Juu na mbele ndiko kunakoyumba, utumbo unapanda mpaka masikioni. Tena mkishuka kutembea mjini, mnaambiwa saa ya kurudi, na saa ni saa. Mwaka jana wawili walichelewa dukani. Tuliwaona gatini wanapunga mifuko. Meli ikaondoka.

— Bila breki, alisema Spoki kwa huzuni.

— Sawa! Redio alipiga paja. — Umepanda, umekula, umeona. Tumekubali hukupotea. Sasa hiyo ya pili ni ya nini? Bahari ni ile ile, maji ni yale yale. Nyumbani una kitanda, una wajukuu, una mwana anayekuheshimu. Unafuata nini huko, Bi Mkubwa? Tuambie sisi tukamwambie.

Bi Shuka alitazama ndani ya kikombe. Mwaka mzima alikuwa na jibu la watu: bwawa la kuogelea juu ya meli, ukumbi wa muziki, taulo lililokunjwa likawa tembo kitandani. Lilikuwa jibu zuri na watoto walilipenda. Lakini halikuwa lenyewe, na taksi ilikuwa njiani.

— Nitawaambia, na mkicheka chekeni. Siku ya kwanza melini niliamka alfajiri kama kawaida yangu. Nikatandika kitanda. Si kutandika hivi hivi, nilikunja zile kona za hospitali, kama bahasha. Nikafuta sinki, nikakausha bafu, nikakunja taulo. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu, ya nne. Nikatoka kutembea kifua mbele. Nilijua namsaidia yule kijana.

— Si ulimsaidia kweli? aliuliza Redio.

— Jioni ya siku ya nne akabisha hodi. Kofia mkononi. Lugha yetu anaijua kwa kuokoteza. Akaniuliza, Mama, mimi kosa gani? Nikamwambia huna kosa, mwanangu. Kumbe msimamizi wake ameona shuka za chumba changu hazishuki kufuliwa siku nne. Kwake yeye, kijana haingii kazini. Na kijana mwenyewe alikuwa anadhani nachukia mikono yake kugusa kitanda changu.

— Lahaula, alisema Spoki.

— Mimi! Niliyefua shuka umri wangu wote, nimemponza mtu wa shuka! Nilikwenda na binti yangu kwa yule msimamizi nikamweleza, akanielewa, yakaisha. Lakini usiku nikasema, kesho sigusi. Siku ya tano nikakaa kwenye kiti, mikono mapajani. Kijana akaingia, akavua shuka, akatandika. Mimi natazama. Jamani, kona alikunja vibaya.

— Vibaya?

— Vibaya kabisa. Imelegea, imetoka nje. Vidole vyangu vinawasha. Nikanyamaza. Akamaliza, akapigapiga mto, akasema, tayari, Mama. Akatoka. Ndipo nikalia. Nilikuwa nahesabu ni nani mwingine aliyewahi kunitandikia kitanda tangu nilipozaliwa, nikafika kwa mama yangu, nikakwama hapo.

Mama Kahawa aliinama akaongeza kahawa kwenye kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa nusu.

— Siku ya sita nililala mpaka jua likanipiga usoni. Ya saba nikashushwa. Mnaona? Nilijifunza kupumzika siku ya tano. Siku nne nzima nilizimaliza nikiwa bado niko kazini. Sasa nazitaka zote saba, nikiwa najua kuanzia ya kwanza. Mtu akisema nimekimbia nyumba, aseme. Nimeshika hili begi, siliachii.

Spoki alikohoa.

— Hiyo nimeielewa, Mama.

— Spoki! Redio alimkemea kwa sauti ya chini. — Hatukutumwa kuelewa.

Kabla hawajagombana, mwana mwenyewe alitokea akivuka barabara mbio. Ni dereva wa lori la mizigo, mtu mkubwa wa mabega, lakini asubuhi hiyo shati alikuwa amelifunga vifungo kombo, na mkononi alikuwa ameshika kiatu kimoja cheusi cha shule, kidogo cha kutosha kiganjani.

— Mama, bado upo. Afadhali. Jamani, mmemwambia?

— Tumemwambia, alisema Stempu.

— Amesemaje?

Stempu alimtazama Redio, Redio akamtazama Spoki, Spoki akatazama gurudumu.

— Nimesema nakwenda, mwanangu, alisema Bi Shuka. — Nitarudi Jumapili ijayo. Keti unywe kahawa.

Hakuketi. Alifungua mdomo kama mtu mwenye hotuba aliyoipanga njia nzima, ya heshima, ya watu watasemaje, ya umri. Akamtazama mama yake na lile sweta mapajani, na hotuba ikamtoka kichwani. Aliposema, hakuwa anagombana tena. Alikuwa anauliza kweli.

— Sasa kesho asubuhi nani atawaamsha watoto?

Mkewe huingia kiwanda cha mikate saa kumi alfajiri, hilo wote walilijua. Yeye lori lake huondoka saa mbili asubuhi, watoto wakiwa wameshaingia shule, na hilo nalo walilijua. Redio alivuta pumzi ya kujibu, akaitoa bila neno. Siku hiyo ndiyo watu waliyokuja kuitaja baadaye kuwa siku Redio alipozima. Stempu aligeuza kikombe juu chini akakagua kitako chake. Mama Kahawa alimpandisha mwanawe mgongoni, akakaza kanga, akamtazama yule dereva kwa huruma.

Taksi ilipiga honi. Bi Shuka alisimama.

Mwanawe aliliwahi begi. Palikuwa na dimbwi mbele ya kibanda, na badala ya kuliburuta alilibeba juu kifuani lisipate tope, akaliweka nyuma ya gari taratibu, akajaribu zipu kama imefunga. Mama yake aliyaona yote hayo. Akamgusa shavu kabla ya kuingia, na akakaza mkanda mwenyewe.

Dereva wa taksi alipowasha gari, mwana aliinama dirishani, kile kiatu bado mkononi.

— Mama, na kiatu kingine cha mdogo? Nimetafuta nyumba nzima tangu alfajiri. Hujakiona?

Bi Shuka alikuwa amekiona. Kilikuwa nyuma ya ndoo ya unga, pale mlangoni pa jiko, na ulimi wake ulishaanza kunyanyuka.

— Kitafute, mwanangu, alisema. — Kipo.

Akapandisha kioo.