Chumvi ya Kupumzikia

Katika pirogi ya kuvuka mto pale Kindu, Mama Latifa, aliyejipamba kwenda harusini ng'ambo, hakumwamini mwanaume aliyeketi kando yake.

"Niko naenda kupumzika tu, mama. Siku mbili. Kule ku milima kuko kimya."

"Na chumvi yote hii njo ya nini?" Mkoba ulikuwa wazi: shati moja, chumvi tele. Pumziko gani hilo!

"Njo ya kupikia."

Wakati wa vita Latifa alikaa porini mwaka mzima, akila sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. "Umesikia habari gani, papa?"

"Hakuna." Akafunga mkoba.

Pirogi ilipofika, mwanaume alishuka bila kuaga. Latifa hakuinuka.

"Unirudishe," akamwambia nahodha. "Sijanunua chumvi."