Nyimbo za Mama Feza na Faili Zilizokataa Kufutika

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe hapa Nyabiondo ambako ukungu bado umelalia maharage, asifiwe Mushaki penye ng'ombe na magari ya kabichi, asifiwe Mpofi ambako wengine mtasomewa maneno haya. Mimi ni Mapendo, binti wa wakulima wa kilima hiki, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kina mama. Sikuja kuwaambia kwamba niliugua nikapona. Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonifungua mimi na kompyuta yangu siku moja. Naona wengine mmeanza kucheka. Chekeni, lakini msiondoke.

Mnajua tulikotoka. Tulipokimbilia Mushaki mara ya mwisho, kitabu cha nyimbo za kanisa letu kilibaki ndani ya sanduku chini ya mimbari. Kilikuwa kimeandikwa kwa mkono, kwa Kihunde, na watu ambao leo wamelala makaburini. Mvua iliingia kupitia bati lililotobolewa na risasi. Tuliporudi tukakuta kurasa zimeshikana kama ugali wa jana, na wino umekuwa maji ya buluu. Nyimbo zile zote zikawa zimebaki kichwani mwa mtu mmoja tu, Mama Feza, mjane aliyefundisha kwaya tangu mama yangu akiwa msichana.

Mimi nilisomea informatike, kazi ya kompyuta, kule Goma. Nikasema, ikiwa kitabu kimoja kinaweza kufa kwa maji, nitatengeneza kitabu kitakachokaa ndani ya simu za watu wengi, hata moja ikianguka mtoni nyingine ibaki. Nikaanza kuunda programu ya simu. Unagusa jina la wimbo, maneno yanatokea kwa herufi kubwa, na sauti ya Mama Feza inaimba. Miezi kadhaa tulikaa pamoja kanisani, kwenye meza iliyo karibu na betri ya pano, ile sahani ya kunasa umeme wa jua, yeye akiimba, mimi nikinasa.

Toleo la kwanza lilikuwa na kosa. Nilichanganya beti za wimbo wa maziko, ule tunaouimba mwili unaposhushwa. Mama Feza alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake.

"Mutoto wangu," akasema, "umezika muntu kwanza, nyuma njo unaenda kumuangalia kwa hospitali."

Nikazipanga beti upya. Kilichobaki kilikuwa kujenga programu upya na kuiweka kwenye simu yake. Hapo ndipo habari ikaja kwamba binti yake aliyeolewa Mpofi anamwita akaishi naye. Huko wako wengi wa kwetu, waliobaki tangu siku za kukimbia, na kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua wimbo ule wa maziko kwa ukamilifu, walikuwa wanazika watu wao kimya. Kaka Janvier wa pikipiki angemchukua Ijumaa, kabla ya mvua ya mchana. Kwa huyo binti mtandao haufiki. Kitakachokuwa ndani ya simu ya Mama Feza Ijumaa ndicho kitakachofika, na kwa umri wake sikuweza kujiahidi kwamba atarudi kukichukua kilichosahaulika.

Jumatano nikabonyeza nijenge upya. Mashine ikakataa.

Ndugu zangu msioijua kazi hii, fikirini shamba la maharage yanayopanda juu ya miti. Kabla ya msimu mpya unang'oa mashina makavu yaliyojizungusha, la sivyo machipukizi hayana pa kushika. Kompyuta nayo hufanya hivyo. Kila unapojenga upya, inafuta kwanza ilichojenga jana, ndani ya folda yake ya ujenzi, kisha inaanza. Yangu ilishindwa kufuta. Ikaandika kwa Kifaransa, kwa maandishi mekundu, kwamba faili imefungwa, inatumiwa na programu nyingine. Nikaiuliza, programu gani? Haikujibu.

Nikafunga kila dirisha, nikafungua tena. Nikajaribu kuifuta ile folda kwa mkono, nusu ikaondoka, nusu ikabaki imekaza. Nikazima mashine kabisa, nikaiwasha. Ujenzi ukaenda, ukaenda, nikaanza kushukuru mapema, kisha ukaanguka, na safari hii faili iliyofungwa ilikuwa nyingine kabisa. Hilo ndilo lililonikatisha tamaa. Kosa linalokaa mahali pamoja unaweza kulizoea kama jiwe la njiani. Hili lilikuwa linatembea. Alhamisi nikanakili mradi mzima kwenye folda mpya yenye jina jipya, kandokando ya ile ya zamani. Nilihama, ndugu zangu, kama tulivyozoea. Kosa nalo likahama pamoja nami.

Papa Bauma, shemasi wetu na mtunzaji wa betri, akaja kusimama nyuma yangu.

"Mapendo, hii mashine iko na muntu ndani."

"Papa, iko na programu ndani."

"Njo nasema vile."

Akaweka mkono juu ya kompyuta, akaomba. Niliitikia amina kwa moyo wote, sikudharau. Lakini alipomaliza akasema, "Mulango ikifungwa mara tatu, pengine ni Mungu njo anakataa. Andika tu kwa kaye, kwa kitabu ya mukono, kama zamani."

Hapo niliwaka, na leo mbele yenu sitaomba msamaha kwa kuwaka. Nilimwambia, "Kaye tulikuwa nayo, Papa. Iko wapi?" Sisi sote tunajua iko wapi. Tumefundishwa kilimani hapa kuukubali kila mlango uliofungwa, kubeba mzigo na kusema ni mapenzi ya Mungu. Nilikataa. Mungu aliyempa Mama Feza nyimbo hawezi kuwa yeye tena anayezifungia. Nikamwambia Bwana waziwazi, kwenye ile meza, kwamba sitoki hapo, na kwamba ikiwa ni yeye anayekataa, aniambie mwenyewe, asimtume shemasi.

Ijumaa asubuhi Janvier akafika na pikipiki yake imeoshwa. Mama Feza alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka, na kwenye kikapu chake kulikuwa na mbegu za maharage za kumpelekea binti. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Walikale.

"Dada Mapendo," Janvier akaita kutoka mlangoni, "mawingu haijuake informatike."

"Nipe dakika kumi, kaka."

"Dakika kumi ya muntu ao ya ordinatere?" akauliza, akiionyesha kompyuta kwa kidole.

Nikabonyeza. Mistari ikapita. Ikasimama. Nyekundu. Nikaiacha mikono yangu ianguke magotini, na sitaficha, machozi yalikuwa karibu. Mama Feza alikuwa ameketi kando yangu kwenye benchi, simu yake mkononi, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea ubavu wa kompyuta, palipochomekwa kile kijiti kidogo cha kuhifadhia.

"Hii kitu inawaka-waka, njo nini?"

"Ni kle, Mama. Inaweka nakala."

Akaitazama. Akaitazama tena mikono yangu.

"Mikono yako iko kwa magoti," akasema. "Sasa ni nani njo anaandika?"

Ndugu zangu, kuna maswali yanayoingia mtu kama maji ya baridi. Kile kitaa kilikuwa kinapepesa, kinapepesa, na mimi sikuwa nimegusa kitu.

Nyumbani kwetu kuna begi nyuma ya mlango. Kwenu pia lipo, tusidanganyane mbele ya Mungu. Ndani yake kuna sufuria, kitenge, chumvi, karata ya utambulisho. Tuliporudi kutoka Mushaki nilitengenezea kompyuta yangu begi lake. Niliweka programu ndogo ya kunakili, nikaiamuru ikeshe juu ya folda yote ya kazi zangu, na kila faili ikizaliwa au ikibadilika, papo hapo iikamate na kuipeleka kwenye kle, ili risasi zikilia nichomoe kle na kukimbia. Programu ile inaamka yenyewe mashine inapowashwa. Haina dirisha, haina sauti. Nilikuwa nimeisahau kama mtu anavyosahau kwamba amekunja ngumi.

Sasa oneni. Mjenzi akiweka faili mpya, mnakili anairukia aibebe. Mjenzi akirudi kuifuta au kuiandika, anaikuta mkononi mwa mwingine. Ndiyo maana kosa lilitembea, leo faili hii, kesho ile, kulingana na nani amemuwahi nani. Ndiyo maana kuzima na kuwasha hakukusaidia. Ndiyo maana kuhama hakukusaidia, kwa kuwa nilihamia ndani ya folda ileile aliyokuwa akiilinda. Hapakuwa na pepo. Palikuwa na mkono, na ulikuwa wangu, mkono wa binti aliyekwisha kuanza kukimbia siku ambayo hakuna aliyemfukuza.

Nikafungua orodha ya programu zinazoendelea. Nikamkuta mnakili, nikamsimamisha. Nikawakuta pia wajenzi wawili wa majaribio yaliyoanguka, bado wako macho chinichini na faili mikononi, nao nikawasimamisha. Nikaenda kwenye folda ya ujenzi, nikafuta. Ikaondoka yote, laini, kama ganda la ndizi iliyoiva. Nikabonyeza tena.

Janvier aliacha kupiga mluzi, akaja kusimama karibu na Papa Bauma. Mistari ilipita, myeupe, myeupe. Ikafika mwisho. Nikachomeka simu ya Mama Feza, programu ikaingia, na yeye mwenyewe akagusa wimbo wa maziko kwa kidole chake cha kupandia maharage. Sauti yake ikatoka. Ugonjwa ukaja kwanza, kisha kifo, kisha udongo, kisha asubuhi ya ufufuo. Tuliusikiliza mpaka ubeti wa mwisho.

"Sasa amekufa muzuri," akasema Mama Feza, akainuka, akachukua kikapu chake.

"Njo dakika kumi ya ordinatere ile," Janvier akasema, akawasha pikipiki. Matone ya kwanza yalianguka wakiwa wanapinda kule kwenye mihogo.

Tulipobaki wawili, Papa Bauma akaniuliza swali la kweli, na aliuliza taratibu. "Na ile kle, mwanangu? Kama tunakimbia kesho?"

Sikumcheka. Sitawaambia mtupe nakala zenu, maana Mungu ametupa akili pamoja na imani. Nilimuonyesha nilivyofanya. Nilimwamuru mnakili aiache kabisa folda ya ujenzi, kwa kuwa kilichojengwa na mashine kitajengwa tena na mashine. Atunze tu nilichoandika kwa mkono na alichoimba Mama Feza. Tena anakili mara moja, nikisha kumaliza kazi ya siku, nikimwambia mimi. Lakini kukesha juu yangu kila pumzi, hapana. Nyinyi mlio na kompyuta na mnaoandikiwa kwamba faili imefungwa, msikimbilie kununua mashine nyingine, wala kumshuku jirani. Tafuteni ni nani ameishika. Msimamisheni. Futeni cha jana. Jengeni.

Jioni ile nilirudi nyumbani, nikalitazama begi nyuma ya mlango. Sufuria yetu nzuri, ile kubwa, ilikuwa humo tangu turudi. Muda wote huo tulipikia kile kisufuria kilichovunjika mshikio, tukila kwa zamu kwa sababu hakitoshi. Nikalifungua begi, nikaitoa, nikaiosha.

Mama akaniona. "Unafanya nini na sufuria ya kukimbia?"

"Napika, Mama."

"Na kama..."

"Kama ni hivyo, tutaibeba ikiwa moto."

Kisha akaenda kuchukua maharage.

Ndugu zangu, wiki iliyopita Janvier alirudi kutoka Mpofi. Alisema walimzika mzee mmoja wa kwetu, na Mama Feza aliiinua simu juu ya kaburi mpaka watu wakayakumbuka maneno, kisha akaizima, kwa sababu hawakuihitaji tena. Kwa hilo namshukuru Mungu. Namshukuru kwa swali la mwanamke ambaye hajawahi kubonyeza kompyuta. Namshukuru Bwana kwamba alinivumilia nilipomjibu kwa hasira. Barabara bado ni ileile, na milima hii inaweza kutikisika tena kesho, nalijua hilo kama nyinyi. Lakini mimi nimekwisha kukataa kuishi leo kama mtu aliyeko njiani. Wewe uliyeshika kitu kwa nguvu mpaka kazi yako imeshindwa kusonga, legeza kidole kimoja, uone kama Bwana hayupo.

Ibada ikiisha, pitieni kwetu. Maharage yako motoni tangu alfajiri, ndani ya sufuria ileile, na yanatosha wote.