Mama Kufuli Astaafu, Safari Hii Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja masijala, Mama Kufuli anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Rasimu ya wasifu huu ilitaja pia tarehe yake ya kuzaliwa. Aliikata mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na wala si kwa kuficha umri.

Aliingia akiwa karani wa majalada, anatoka akiwa mkuu wa masijala. Jina la Mama Kufuli tulimpa sisi, kwa kejeli. Fotokopi ya kitambulisho ikiharibika, sisi tuliigeuza nyuma tukaandikia dondoo za kikao. Yeye aliichana vipande vidogo kama chenga za mchele. Fundi wa kompyuta alipomwomba neno la siri kwa simu, alimwambia apande ngazi waonane uso kwa uso. Fundi ana kinyongo hadi leo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na aliyecheka kuliko wote ni mhasibu, ambaye neno lake la siri limebandikwa kwenye skrini yake.

Mwaka huu idara ya utumishi ikabandika orodha ya wastaafu watarajiwa kwenye ubao wa mlangoni, anapopita kila muuza soksi: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, simu, na picha juu. Eti uwazi. Mama Kufuli aliandika barua tatu akiomba ibanduliwe. Aliyemjibu asiwe na wasiwasi ni mwandishi wa maneno haya, na ndiye aliyeipiga pini.

Wiki mbili baadaye simu yake ikakosa mtandao ghafla. Mwingine angeilaani kampuni ya simu akaendelea na chai. Yeye alijua laini yake imehamishiwa kadi ya mtu mwingine. Kabla ya saa sita alikuwa ameifungisha, amezuia akaunti benki, na ameripoti polisi akapewa namba ya taarifa. Alipofika ofisi ya mafao, karani wa dirishani akamweleza kwa upole kwamba alikwisha kuja jana kubadili akaunti, na kwamba jana alikuwa mnene kidogo.

Jasho la miaka yote hiyo lilikuwa linakwenda kwa mtu aliyesoma ubao wetu. Kwa siku tisa alipanga foleni kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Kilichomwokoa ni ile namba ya polisi, pamoja na nakala za barua zake tatu, kila moja na muhuri wetu wa kupokelewa. Mafao yalizuiwa yasitoke, na yule mnene hajaonekana tena.

Niliona aibu, na bado ninaiona. Orodha tuliibandua siku ileile tulipopata habari, tukaigeuza nyuma, tukaandikia dondoo za kikao cha usalama wa taarifa. Mama Kufuli alipita, akaikusanya na kuichana.

Mama yetu, asante, na utuwie radhi. Tunakutakia maisha mema, na uyaishi wewe mwenyewe.