Beki Asiyekosa Mazoezi

Bajaji ilipotoka uwanjani kuelekea Chang'ombe, Munira alikuwa amekaa katikati ya watu wawili wasiofahamiana. Kulia alikaa Mzee Mazengo, mtazamaji aliyeudhiwa na kipigo cha mabao matano. Kushoto alikaa Nurdini, beki wa chuo, aliyepitwa katika mabao yote hayo.

"Mwanangu, hivi nani alikupanga wewe?" mzee aliuliza, kwa upole wa mtu anayeng'oa jino.

"Kocha, mzee. Anapanga kwa daftari la mahudhurio, kama darasani. Mimi sijakosa mazoezi hata siku moja."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Basi kosa ni lake. Mahudhurio hayakabi mtu."

"Lakini walinipita mimi, hawakumpita yeye. Nakwenda kwake kurudisha jezi."

Munira, aliyehitimu chuo hichohicho mwaka jana, bado aliamini kwamba anayekiri kosa lake hafai kuachwa aiache timu. "Usirudishe, kaka," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Asirudishe kabisa," mzee akadakia. "Akirudisha, kocha atasema tatizo limeondoka."

"Nisiporudisha, Jumamosi atanipanga tena."

Mzee akaiokota kofia yake, akaikung'uta vumbi.

Bajaji ikasimama mbele ya nyumba ya kocha. Nurdini akashuka na jezi mkononi. Mzee Mazengo, aliyekuwa akienda mbele zaidi, naye akashuka.

"Tangulia ukaseme kosa lako," alisema, akichomekea shati. "Mimi nitamwambia la kwake."

Dereva akazima injini, na Munira hakumhimiza aondoke.