Nahom Atimiza Mitano, Mama Yake Astaafu

Nahom, mtoto aliyekaa na umri wa miaka minne kwa miaka ishirini na minne mfululizo, atatimiza mitano Ijumaa hii, tarehe 27 ya mwezi wa Sene, amethibitisha Dk. Seid Yimam, Mkuu wa Idara ya Saikolojia ya Chuo cha Tossa, hapa mjini Dese. Jumatatu inayofuata mama yake, Weizero (Bi.) Alganesh Tefera, atastaafu baada ya kukitumikia chuo kwa miaka thelathini na mmoja.

Nahom hajawahi kuzaliwa. Hilo linajulikana na wote, ingawa si kila mtu hulizingatia.

Weizero Alganesh aliajiriwa kama mpiga chapa. Katika mwaka wake wa saba, mwigizaji aliyekodiwa kuwa mzazi katika mtihani wa vitendo wa mwaka wa tatu hakutokea. Somo lilikuwa usonji, na kila mwanafunzi alitakiwa kumhoji mzazi kisha aeleze alichokielewa. Mkuu wa idara wa wakati huo alimpa mpiga chapa karatasi yenye mistari sita. "Kaa hapo. Una mtoto wa miaka minne, haitiki akiitwa, anapanga vitu mstari. Mengine utajua mwenyewe." Weizero Alganesh alikuwa na mabinti wawili walioitika hata wasipoitwa. Alikaa, na kiti hicho kikawa chake.

Mengine aliyajua mwenyewe. Nahom hula kingo tu za injera, mkate wetu mpana, katikati hagusi. Hupanga vifuniko vya soda kwa rangi, na chekundu hakiruhusiwi kukaa mwisho. Vipaza sauti vya sikukuu humkimbiza kabatini, lakini radi humchekesha. Hasemi; akitaka maji humgusa mtu kiwiko mara mbili.

Tatizo la kwanza la mtihani lilikuwa adabu. Mwanafunzi wa huku kwetu Wollo hawezi kumwuliza mama wa watu swali kabla ya kumjulia hali yeye, nyumba, ng'ombe, majirani na mvua, kisha aanze upya kuhakikisha. Nusu ya muda ilikwisha hapo. Mmoja alisalimu vizuri kuliko wote, akaondoka bila kuuliza lolote. "Mama alionekana amechoka," alijitetea, "nikaona aibu." Mwingine alitoa mkobani chupa ya maji ya baraka, yale yanayoaminiwa kuponya. "Nimeshampeleka kwenye maji hayo mara saba, mwanangu," Weizero Alganesh alimjibu bila kupepesa macho. "Kila mara anarudi ameloa tu." Jibu hilo sasa limo katika mwongozo wa kusahihisha.

Kisha wakaja wachanjaji. Mwanafunzi mwenye huruma alikuwa ametoa taarifa mtaani kwamba kuna mtoto hajapata chanjo ya polio. Wachanjaji walifika idarani na kisanduku chao cha barafu, wakaambiwa mtoto hayupo, wakaandika mlangoni kwa chaki: mtoto mmoja, hakukutwa. Wamerudi kila kampeni.

"Mama, huyu mtoto unamficha wapi?"

"Hayupo."

"Mwaka jana pia ulisema hayupo."

Mlango ulipopakwa rangi upya, fundi aliizunguka ile chaki.

Aliyeugeuza mtihani ni Tihitina Ayele, aliyekuwa mwanafunzi miaka tisa iliyopita na sasa ni mhadhiri msaidizi. Aliketi, akasalimu kwa ufupi wa kutisha, akasema, "Mama, ya kwako nimeyasikia. Sasa naomba kuongea na Nahom mwenyewe." Wasahihishaji wakatazamana. Weizero Alganesh akatoka nje na kufunga mlango. Aliporudi, mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, hakumtazama yeyote. Alikusanya vikombe vya kahawa vya wasahihishaji, kimoja kikiwa bado na kahawa, akakaa sakafuni na kuvipanga mstari. Chenye ua jekundu akakiacha mwisho kwa makusudi. Tihitina akakaa sakafuni naye, akakihamishia katikati. Hatimaye akaguswa kiwiko mara mbili. Akaenda kuleta maji. Alipata alama zote.

Mlangoni, mtihani ukiwa umekwisha, alimwuliza Weizero Alganesh, "Na baada ya minne inakuwaje? Kaka yangu mdogo yuko hivyohivyo, na ana kumi na minane." Karatasi ilikuwa na mistari sita tu.

Tangu siku hiyo Weizero Alganesh aliiomba idara kila mwaka imruhusu Nahom akue. Kila mwaka alikataliwa, kwa kuwa mwongozo wa kusahihisha uliandikwa kwa mtoto wa miaka minne. "Hata vitabu vingi ni vya watoto wa umri huo," Dk. Seid alimweleza.

"Basi hao wakubwa wamehamia wapi, Daktari?"

Mwezi uliopita, Ginbot, idara iliamua kwamba mama akistaafu, Nahom naye amekwisha. Nafasi yake itachukuliwa na video ya kununua ng'ambo. "Nahom anaishia hapa," Dk. Seid aliuambia mkutano wa wafanyakazi. Asubuhi iliyofuata turubai lilikuwa limefungwa mbele ya idara, mabenchi yamepangwa, na chama cha kuzikana cha wafanyakazi kimekaa kimya, watu wamejifunika shuka. Dk. Seid, mwanachama mwaminifu asiyekosa msiba, aliketi nao saa nzima kabla ya kunong'ona, "Nani ametutoka?"

"Nahom," akajibu Ato (Bw.) Gashaw, mwenyekiti wa chama.

"Ato Gashaw! Nahom hayupo!"

"Tunajua hayupo, Daktari. Lakini mama yake yupo. Hebu sogea, unaziba njia ya kahawa."

Masomo yalisimama siku tatu, kama desturi inavyotaka. Weizero Alganesh alikaa benchi la wafiwa, hakulia, na kila aliyempa pole alimjibu, "Asante. Alikuwa na minne tu." Siku ya tatu Dk. Seid alisimama, akawaomba radhi wafiwa, akatangaza kwamba uamuzi umefutwa na kwamba mtoto atakua. Turubai likafunguliwa. Kumbukumbu za idara zinalitaja tukio hilo kama marekebisho ya mtaala.

Waliopita mbele ya kiti cha Weizero Alganesh leo ni walimu, wauguzi na madaktari wa watoto katika miji mingi ya nchi. Wengine bado huandika kuuliza kama kifuniko chekundu kimekubali kukaa mwisho. Hakijakubali.

Weizero Alganesh, tulikupa mtoto wa mistari sita, nawe unaturudishia mtu. Asante. Kahawa yako ya sasa na uinywe bila dodoso mbele yako, na viwiko vyako vipumzike. Hafla ya Ijumaa itaanza saa nane mchana. Kwa ombi lako hakutakuwa na kipaza sauti, na mgeni rasmi, Nahom, ataandaliwa kingo za injera tu.

Kuanzia muhula ujao Nahom atakuwa akiongeza mwaka kila mwaka. Tihitina atakalia kiti cha mama. Abenezer, yule kaka yake mdogo, ambaye sasa ana miaka ishirini na saba na anatengeneza redio katika mtaa wa Piassa, atakuwa mshauri wa mambo yote yanayokuja baada ya minne. Amekubali kwa sharti moja: asalimiwe mara moja tu.

Mahojiano ya kwanza ni Jumatatu, tarehe 10 ya mwezi wa Tikimt, saa tatu asubuhi, katika chumba kilekile chenye chaki mlangoni. Wanafunzi wameshaanza mazoezi ya salamu.